Makaburi ya Bibi Oresta

Neno "makaburi" katika orodha ya ardhi ya mji mdogo wa Sumbawanga, mstari wa thelathini na saba, niliandika mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema liliandikwa na mpima ardhi. Nimelisema hilo mbele ya wakubwa wangu, mbele ya wanafunzi waliokuja kujifunza kazi, na mara moja kwenye harusi, ambako hakuna aliyeniuliza. Mpima ardhi mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamishwa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kujitetea. Kama bado yu hai, namwomba radhi.

Sasa nimestaafu na nimekabidhi funguo, na mmeniomba niwaandikie nyinyi mnaoingia ofisini habari za kazi zetu za zamani. Nadhani mlitaka mambo ya vyeo na mageuzi. Halmashauri zimefutwa, zikarudishwa, nami nimepanda na kushuka nazo kama gunia juu ya lori. Hayo mtayakuta kwenye faili. Hili halimo.

Niliingia kazini nina miaka kumi na tisa, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu ya boma. Nilizaliwa Ujiji, nikasoma shule ya bweni mbali na nyumbani, na baba alipohamishia duka lake Sumbawanga na kununua lori nilimfuata nikiwa na cheti kizuri na koti baya. Anayeijua Ufipa anaujua upepo wa mwezi wa sita. Mimi nilikuwa siujui. Siku ya kwanza nilikaa mezani nimejitanda kanga tatu juu ya koti, na karani mkuu, Mzee Gaspari, akaniuliza kwa upole kama nimekuja kazini au nimelazwa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na nusu, na ile nusu ilikuwa stoo ya vibao. Tulikuwa na kabati, simu ya kuzungusha kwa mkono, na taipureta ambayo herufi "h" ilikuwa imekatika. Kila barua iliyotoka kwetu ilipigwa na mimi, kisha Mzee Gaspari akazitia "h" zote kwa kalamu ya kuchovya, moja baada ya moja, bila haraka. Ukitaka kujua Kiswahili kina "h" ngapi, fanya kazi hiyo mwaka mmoja.

Alikuwa Mfipa wa Kaengesa, amelelewa na mapadri, mrefu, mkavu, na mwandiko wake ulikuwa safi kuliko shati la mtu yeyote mjini, pamoja na la Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya. Alinifundisha kazi kwa kunipa faili na kunyamaza. Tulishughulika na leseni za baiskeli, vibali vya kupika pombe, mbuzi waliokamatwa sokoni, na vyoo, ambavyo vilikuwa faili nene kuliko zote. Wiki yangu ya pili alikuja mtu aliyetaka leseni ya mbwa wake aliyekufa ihamishiwe kwa beberu wake, kwa sababu beberu naye alikuwa analinda nyumba. Mimi nilicheka. Mzee Gaspari hakucheka. Alimjibu kwa barua yenye kumbukumbu namba na tarehe: ombi limepokelewa, limefikiriwa, na beberu hahitaji leseni. Yule bwana alifurahi sana, nikasikia kwamba barua ile aliitia kwenye fremu.

"Binti," Mzee Gaspari akaniambia alipokwisha kutoka, "huyu hakutaka leseni. Alitaka kujibiwa."

Jambo jingine aliloniambia, na alilirudia mpaka likanichosha, ni hili: "Andika ulichokiona. Ulichokifikiri, kaa nacho nyumbani."

Mwezi wa saba Bwana Shauri aliagiza orodha ya ardhi yote iliyokuwa ndani ya mipaka mipya ya mji. Kila kipande kilitakiwa kiwe na mstari wake na neno moja la kueleza kinatumika kwa nini: nyumba, duka, shamba, ardhi tupu, kanisa, na kadhalika. Nilipewa upande wa Malangali. Niliondoka na ramani chini ya kwapa na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, nikijiona mtu ambaye serikali haiwezi kulala bila yeye.

Kando ya barabara, mahali penye tambarare nzuri, nikakuta uwanja mpana wa vilima vidogo vya udongo, mviringo, vyote sawa, vimepangwa kwa mistari. Hapakuwa na mmea. Mwanamke mtu mzima alikuwa amesimama katikati yake peke yake, kichwa ameinamisha, mkono mmoja ameuweka juu ya kilima kimoja. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilifikiri: ndui? Vita? Watu wote hawa?

Adabu niliyolelewa nayo ilinizuia kumsumbua aliyefiwa. Kwa hiyo sikuuliza. Nilihesabu kwa macho, nikapata mia mbili na kumi na nne. Nikanyanyua mikono, nikawasomea Fatiha, nikajipangusa uso, nikaandika "makaburi", nikaenda zangu kwa hatua za polepole.

Kama wewe ni wa Ufipa, najua umekwisha kuweka karatasi hii chini ili ucheke. Cheka tu. Mimi nitaendelea.

Orodha ilipita. Mwezi wa kumi Bwana Afya, mkaguzi wetu, kijana mwenye bidii aliyetoka mkoa mwingine kama mimi, aliisoma mstari kwa mstari, ambalo ni jambo nisilolitarajia kwa mtu yeyote. Alichukua kibao stoo, akakiandika, akaenda kukisimika. Siku ya pili yake, asubuhi, mwanamke akapiga hodi mlangoni, jembe begani.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Nani amekufa shambani kwangu?"

Mzee Gaspari akainua kichwa. "Karibu ukae, Bibi Oresta."

"Sikai. Kuna kibao. Wamenisomea: makaburi, marufuku kulima. Mimi watu wangu waliokufa nawajua walipo, wako kwa padri, kila mmoja na msalaba wake. Hawa wengine nani amewazika kwangu, tena bila kuniita matangani?"

Mzee Gaspari akafungua orodha. Akautazama mstari wa thelathini na saba, akanitazama mimi, akautazama tena mstari.

"Labda mpima ardhi," nikasema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Labda," akasema. "Siku hizi mwandiko wake umefanana na wako."

Bibi Oresta alikuwa ananikodolea macho. "Ngoja. Si wewe uliyesimama barabarani wakati wa kiangazi? Ukanyanyua mikono?" Akamgeukia Mzee Gaspari, uso umemchangamka. "Huyu mtoto ana adabu. Aliliombea shamba langu. Nikasema, Waislamu hawa wana utu, tazama anavyotuombea mvua."

Mzee Gaspari alichukua kitambaa cha kufutia kalamu, akajifuta nacho macho. Alibaki na wino shavuni mpaka jioni, nami sikumwambia.

Kesho yake alinipeleka mwenyewe shambani. Bibi Oresta akanishika mkono, akauzamisha ndani ya kilima mpaka kiwiko. Ndani palikuwa na uvuguvugu. Nilitoa kiganja kizima cha majani yaliyooza, meusi, laini kama halua. Ndiyo ntumba, akaniambia. Mvua zinapokaribia kwisha watu hukata majani, huyakusanya na kuyafunika udongo, yanalala kiangazi kizima yakiiva. Mvua mpya ikianza, vilima vinavunjwa, vinatandazwa, na ulezi unapandwa juu yake. Siku ile niliyomkuta ameinama, alikuwa anapima kwa mkono kama majani yameiva.

"Ujiji hamlimi?" akaniuliza.

"Tunalima, bibi. Si hivi."

"Mnakula samaki," akasema, kama mtu anayemalizia kesi.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri mgeni wa jiografia alituonyesha picha za ntumba ukutani, akauliza nani anajua ni nini. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nikaeleza mpaka joto la majani. Nilipata alama za juu. Chanzo changu sikukitaja.

Lakini siku ile pale shambani kulikuwa na jambo zaidi ya aibu yangu. Bibi Oresta hakuvifanya vilima mia mbili na kumi na vinne peke yake. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, na yeye nguvu za kukata majani zilikuwa zimemwishia. Alifanya kama inavyofanywa: alichukua ulezi wote aliokuwa nao ghalani, akapika pombe, akawaita majirani, wakalima wakanywa. Ulezi ule ulikuwa umekwisha, isipokuwa mbegu alizozifunga kwenye kitambaa. Asipopanda mwaka huu, hatakuwa na ulezi. Bila ulezi hakuna pombe, na bila pombe hakuna majirani wa kulima mwakani. Alikuwa na mwaka mmoja tu mkononi, na ulikuwa umelala pale chini, chini ya kibao changu.

Tulirudi ofisini, Mzee Gaspari akaniamuru nipige barua ya masahihisho: mstari wa thelathini na saba, badala ya "makaburi" isomeke "shamba". Desturi ya ofisi yetu ilikuwa kwamba aliyekosea ndiye anayetia sahihi. Akazitia "h" zake, akaniwekea barua mezani.

Sikutia sahihi siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Nilijiambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba kila nilipoishika kalamu nilimwona Bwana Shauri akisoma, kisha akiwasimulia wenzake bomani habari za karani msomi aliyeyasomea majani Fatiha.

Siku ya nne baraza la mji likakutana, nami nikiandika kumbukumbu. Shauri kubwa lilikuwa kituo cha malori. Malori yalikuwa yanaongezeka, yanalala ovyo barabarani, na Bwana Shauri alitandaza ramani juu ya meza. Tambarare za kutosha kando ya barabara, alisema, zilikuwa mbili. Moja ilikuwa uwanja wa gofu wenye mashimo manne, uliochezewa na watu wanne. Ya pili ilikuwa mstari wa thelathini na saba.

"Ni bahati mbaya kwamba hapa ni makaburi," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Pangekuwa ardhi tupu tusingekuwa na tatizo."

"Na pangekuwa shamba?" Mzee Gaspari akauliza, kana kwamba anauliza saa.

"Shamba lenye mazao, tutafikiria fidia ya mazao. Shamba lisilo na mmea ni sawasawa na ardhi tupu."

Niliandika hayo. Barua yangu ya masahihisho ilikuwa kwenye droo, na sasa nilielewa ilikuwa na maana gani. Kwenye karatasi zetu, majani yanayooza hayakuwa na safu.

Baba alikuwa mmoja wa wajumbe, akiwakilisha wenye maduka. Akakohoa. "Bwana Shauri, makaburi hayo ni ya nani? Sisi Waislamu tunazika ng'ambo ya mto."

Mjumbe aliyetoka misheni akasema kwamba na wao si yao, ya kwao yana misalaba na daftari.

Bwana Shauri akanuna. Alisema ataandika jimboni, kwa mkubwa wake, kuomba ruhusa ya kuyahamisha. Kisha akaondoka kwenda safari ya wiki tatu kule ziwani, upande wa Kabwe, kukagua masoko ya samaki.

Jioni ile baba aliniita barazani. Kituo kingejengwa Malangali kingekuwa hatua mia moja kutoka dukani kwetu, na alilijua hilo kuliko mimi.

"Zuhura, napita na lori pale kila wiki. Unaniona mimi mjinga?"

"Hapana, baba."

"Basi kalisahihishe."

"Nikilisahihisha, yule bibi anaondoka mikono mitupu. Hapana mmea, hapana fidia."

"Sheria si yako."

"Neno ni langu, baba."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. "Ulikuwa mwepesi wa maneno tangu Ujiji," akasema. "Mimi sitasema kitu. Lakini wakikuuliza, usinitaje."

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, ikaendelea mpaka alfajiri. Asubuhi yake Bibi Oresta akakipita kile kibao na kuanza kuvunja vilima. Nilipokwenda kumsihi asubiri, hakusimamisha jembe.

"Mvua imesubiri?" aliniuliza.

Bwana Afya akamwona. Yeye alikuwa ameandikiwa makaburi, na alichokiona ni mwanamke mzima anayafukua mchana kweupe, tena anaimba. Akaandika ripoti ya ukurasa mzima. Kwa kuwa Bwana Shauri alikuwa ziwani, aliituma moja kwa moja jimboni, akaomba polisi waelekezwe. Alikuja kutuonyesha nakala kwa fahari. Alikuwa ameandika ukweli wote kama alivyouona, na Mzee Gaspari hakuweza kumlaumu.

Tulipobaki wawili, Mzee Gaspari alitoa ile barua yangu kwenye droo, akaiweka mezani, akaweka na kalamu juu yake.

"Ukitia sahihi hii," akasema, "Bibi Oresta hakamatwi. Ananyang'anywa shamba. Usipotia, shamba halinyang'anywi, anakamatwa. Mimi nimekaa na karatasi miaka ishirini na mbili, na sijaona karatasi ya tatu."

"Wewe ungefanyaje, mzee?"

"Mimi sikwenda Malangali na kalamu ya risasi sikioni."

Siku tatu baadaye, yapata saa nne asubuhi, simu ikalia. Mzee Gaspari akaipokea, akasimama wima, kama tulivyosimama wote zama zile tulipopigiwa simu na mkubwa, ingawa mkubwa hakuweza kutuona. Akasikiliza. Akasema, "Bwana Shauri yuko safarini, bwana." Akasikiliza tena. Kisha akaniletea mkono wa simu.

"Jimboni," akasema. "Anamtaka aliyeona."

Ilikuwa sauti ya mzungu mtu mzima, yenye kikohozi, inayozungumza Kiswahili cha kujifunza kwa bidii. Laini ilikuwa inavuma kama mvua juu ya bati.

"Wewe ndiye uliyeandika orodha?"

"Ndiyo, bwana."

"Haya makaburi umeyaona kwa macho yako?"

Barua ilikuwa mbele yangu. Niliweza kuzisoma "h" zake.

"Niliyaona, bwana. Niliyahesabu."

"Mangapi?"

"Mia mbili na kumi na manne."

Akapiga mluzi mdogo. "Bwana Shauri anataka kuyahamisha. Mimi nimewahi kuhamisha makaburi sita, pahali pengine, na mpaka leo barua zinakuja. Mia mbili!" Akakohoa. "Lakini nina ripoti hapa, kwamba kuna mwanamke anayafukua."

"Hafukui, bwana. Anayatunza."

"Kwa jembe?"

"Kwa jembe, bwana. Kila mwaka, mvua zikianza."

"Imeandikwa kwamba anayasawazisha kabisa."

"Ndiyo, bwana. Mwishoni mwa mvua yanainuliwa upya."

Nilisikia karatasi zikigeuzwa. Mpaka hapo nilikuwa sijasema uongo hata mmoja wa kujitegemea, na nadhani nilijisifu kwa hilo, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe bila kulowa. Kisha akauliza:

"Na ulezi? Bwana Afya anasema anapanda ulezi juu yake. Kwa nini apande ulezi juu ya makaburi?"

Hapo mawe yaliisha. Nilimtazama Mzee Gaspari. Alikuwa anatazama dirishani, mikono nyuma.

"Ili waliolala chini wasikae na njaa, bwana," nikasema. "Ni mila ya huku."

Nilimsikia akikohoa pembeni mwa simu.

"Nimekaa nchi hii miaka kumi na minane," sauti ikasema taratibu, "na hiyo sijapata kuisikia." Nilifumba macho. "Sawa. Andikeni hivi. Makaburi yasiguswe na mtu yeyote isipokuwa mama huyo na jamaa zake, kwa mila zao. Kibao kiondolewe. Malori yapewe uwanja wa gofu. Barua itafuata. Umesikia yote?"

"Nimesikia, bwana."

"Mwambie mama huyo pole."

"Nitamwambia."

Akakata. Nilibaki nimeushika mkono wa simu, umelowa jasho langu, na nilipogeuka Mzee Gaspari alikuwa amekwisha kukaa, karatasi safi mbele yake, kalamu amekwisha kuichovya.

"Sema polepole," akasema, bila kuinua uso. "Anza na ile ya mila."